Bati la Inchi 59

Lilikuwa limeegemezwa ukutani katika ua wa chuma chakavu, mwendo mfupi tu kutoka mpaka wa Goma, kuku wamejipumzisha kivulini mwake. Bati zito lenye kingo zilizokunjwa, puli tatu juu, visu vitatu chini. "Ya wakati wa Wabelgiji hiyo, kaka," mwenye ua alisema kabla sijauliza. Hapa Gisenyi kila chuma kisichoeleweka huitwa cha Wabelgiji. Hiki nacho?

Kazi yake niliitambua. Ni mashine ya kukata majani, ile inayofungwa tumboni mwa trekta, kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, dereva akiiona inavyofyeka bila kugeuza shingo. Lakini hapa kwetu shamba la kawaida halifiki hekta moja, na mengi yamening'inia kwenye miteremko. Nani alikuwa na uwanja tambarare wa kulishia mashine kama hii?

Jibu la mtaani ni nyumba kubwa za kando ya ziwa, zenye bustani pana. Nikamtafuta mzee mmoja aliyetunza picha za zamani. Alinionyesha moja: nyumba, Ziwa Kivu nyuma yake, majani yaliyokatwa vizuri. Nikaisogeza karibu na macho. Pembeni alisimama kijana ameshika fyekeo. Picha moja haithibitishi kitu, ila ilinitia shaka: penye vibarua wa bei ya chini, nani angeagiza trekta kwa ajili ya majani?

Dereva mstaafu akanipa hadithi nyingine: trekta za Kongwa. Mradi wa karanga wa Kongwa ulianza Tanganyika mwaka 1947, ukavunjwa 1951 baada ya kumeza kama pauni milioni 36, na wengi wanaamini mabaki yake yalisambaa Afrika Mashariki nzima. Hadithi tamu. Tatizo ni kwamba Kongwa walihitaji mashine za kung'oa vichaka na mibuyu, hata vifaru vya vita viligeuzwa kuwa trekta. Nyasi za bustani zilimhusu nani huko?

Nikaacha hadithi, nikarudi kwenye chuma. Kibao cha namba hakipo. Yamebaki matundu mawili ya ribiti. Nilikwangua rangi kwa kisu: kijani, chini yake njano, chini kabisa wekundu uliofifia. Trekta za Farmall ni nyekundu. Massey Ferguson nazo zina wekundu wao. Rangi ni shahidi anayenunulika kwa kopo moja, basi nani asiyenunulika?

Nilipima upana kwa futi ya fundi cherehani. Sentimita 150 kasoro unywele. Namba ya mviringo namna hiyo ilinifurahisha: vipimo vya Ulaya bara, kwa hiyo Wabelgiji wameshinda! Nikaandika kabisa kwenye daftari. Ndipo futi ikapinduka mkononi, upande wa pili ukasoma inchi 59. Ipi ilikuwa akilini mwa aliyelichora bati hili?

Boliti ndizo zilizoamua. Fundi wa jirani alileta spana zake. Ya 14 ikagoma kuingia. Ya 15 ikazunguka bila kushika. Akachimba chini ya sanduku, akatoa moja yenye kutu iliyoandikwa 9/16, ikakaa sawasawa. Inchi, basi. Hata hivyo nilijizuia kushangilia, maana mwaka 1948 Marekani, Uingereza na Kanada zilikubaliana kutumia nyuzi za skrubu za namna moja. Nchi ipi kati ya hizo?

Hapo vitabu vya vipuri vilisaidia. Kiwanda kimoja cha Illinois kilitengeneza bati la inchi 59 lenye visu vitatu, na miongoni mwa wateja wake walikuwa wenye Farmall Cub, katrekta ka takriban nguvu za farasi kumi kalikotoka kuanzia 1947, injini imesogezwa kushoto ili dereva aone ardhi mbele yake. Lakini bati hilohilo lilifungwa pia kwenye trekta nyingine. Kilichobadilika ni breketi na puli. Shafti ya nyuma ya Cub hufuata kasi ya injini, wakati vifaa vya kawaida husubiri mizunguko 540 kwa dakika. Kwa hiyo bati halikutajii trekta yake. Breketi zinasemaje?

Tatu zimekatwa kwa gesi. Iliyobaki ina tundu lililopanuliwa kwa moto, si kwa keekee, na kipande cha reli kimechomelewa juu yake. Hiyo si kazi ya kiwandani. Kuna fundi aliyelilazimisha bati hili kukaa chini ya trekta ambayo halikutengenezewa, na likafanya kazi: visu vimemeguka meno, kama kisu chochote kinachokutana na mawe meusi ya volkano. Sasa, kwa nini kila msimulizi anamtafuta mzungu aliyelileta, na hakuna anayemtafuta fundi aliyelifunga?

Hukumu yangu ni hii. Bati ni la Kimarekani kwa umbo na boliti, Kongwa naiondoa, na bustani za ziwani naziacha zisubiri ushahidi. Mwenye ua anataka kuliuza kwa kilo. Nimemwomba aniachie ile breketi moja. Nawe kama unayo trekta ya zamani uani, piga picha matundu ya breketi zake kabla hujamwita mtu wa gesi.