Salum Abdallah na Mbaraka Mwinshehe: Magwiji wawili wa Morogoro

Ukitoka Mzinga kuelekea katikati ya Manispaa ya Morogoro, milima ya Uluguru ikiwa kando yako, unaingia katika mji ambao watu wake wamezoea kuuita "mji kasoro bahari". Kwa wasomaji wengi wa leo jina la Mzinga hukumbusha shirika la ulinzi lenye jina hilo hilo. Lakini kwa waliokuwa vijana katika miaka ya 1950 hadi 1970, Morogoro ilikuwa kwanza kabisa mji wa muziki wa dansi, na sifa hiyo ilibebwa zaidi na watu wawili: Salum Abdallah wa Cuban Marimba na Mbaraka Mwinshehe Mwaruka wa Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano.

Salum Abdallah alizaliwa mwaka 1928. Ujana wake ulikwenda sambamba na kuenea kwa santuri za Kicuba katika miji ya Afrika Mashariki, zile zilizojulikana kwa herufi za GV. Inasimuliwa kwamba mapenzi yake kwa muziki huo yalimfanya atoroke nyumbani hadi Mombasa, akitafuta meli ya kumpeleka Cuba. Safari hiyo haikutimia. Badala yake alirejea Morogoro, na mwaka 1948 akaanzisha bendi iliyokuja kupata umaarufu kwa jina la Cuban Marimba. Mapigo ya rumba na cha-cha yalitoka ng'ambo, lakini maneno yalikuwa Kiswahili fasaha, na mambo aliyoyaimba yalikuwa ya hapa hapa: mapenzi, majirani, na nchi iliyokuwa ikielekea kujitawala. "Wanawake wa Tanzania" na "Ngoma Iko Huku" ni miongoni mwa nyimbo zake zilizodumu.

Novemba 1965 Salum Abdallah alifariki dunia kwa ajali ya barabarani, akiwa na umri wa miaka 37. Uongozi wa Cuban Marimba ulishikwa na mwimbaji Juma Kilaza, ambaye baadaye alianzisha bendi nyingine, TK Lumpopo.

Wakati huo mpinzani mkubwa wa Cuban Marimba katika mji huo alikuwa Morogoro Jazz, bendi iliyoundwa mwaka 1944. Mwaka huo huo, mwezi Juni, alizaliwa Mbaraka Mwinshehe. Alijiunga na bendi hiyo katikati ya miaka ya 1960, na haikuchukua muda akawa mcharazaji wake mkuu wa gitaa la solo, mtunzi na mwimbaji. Mwaka 1970 Morogoro Jazz iliiwakilisha Tanzania katika maonyesho ya kimataifa ya Expo 70 yaliyofanyika Osaka, Japani, safari ambayo Mbaraka aliitungia wimbo.

Nyimbo zake nyingine zilikuwa kama kumbukumbu za taifa. Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Kleruu, alipouawa Desemba 1971, Mbaraka alitunga wimbo wa maombolezo. Mwaka 1973 aliachana na Morogoro Jazz na kuunda Super Volcano, bendi iliyotamba kwa mtindo wa Masika. Humo ndimo ulimotoka "Shida", wimbo uliopendwa mno pande zote mbili za mpaka wa Tanzania na Kenya.

Mpaka huo una nafasi kubwa katika maisha ya wasanii hawa wawili. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Radio Tanzania Dar es Salaam ilizirekodi bendi kwa ajili ya matangazo yake, lakini aliyetaka wimbo wake uuzwe dukani alilazimika kutazama Kenya. Salum Abdallah alitoa santuri kwa lebo ya Mzuri ya Mombasa, na Mbaraka kwa kampuni ya Polygram ya Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa hadi mwaka 1983. Wanamuziki wa Tanzania wakatenganishwa na viwanda, na kwa kiasi kikubwa na soko lao.

Hata hivyo Mbaraka aliendelea kufanya kazi Kenya. Ni huko huko, Mombasa, alikopata ajali ya gari Januari 1979 na kufariki dunia akiwa na miaka 34. Baadaye Polygram ilikusanya nyimbo zake na kuzitoa upya katika mfululizo ulioitwa "Ukumbusho". Kampuni ya Dizim ya Ujerumani nayo ilitoa diski za nyimbo za wasanii wote wawili.

Hivyo sehemu kubwa ya kazi za magwiji hao ilihifadhiwa na kuuzwa nje ya nchi yao. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, iliyoweka msingi wa COSOTA, ilitungwa mwaka 1999, miaka 20 baada ya kifo cha Mbaraka na 34 baada ya kile cha Salum Abdallah. Nyumbani, hazina iliyobaki ni kanda za Radio Tanzania, ambazo sasa ziko chini ya Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC. Kanda za sumaku huchakaa kadiri miaka inavyopita, na zisiponakiliwa kwa wakati, sauti iliyomo hupotea pamoja nazo.

Wahenga walinena kwamba chema chajiuza. Maisha ya wana wa Morogoro hawa yanaonyesha kwamba chema chaweza kujiuza kweli, lakini mwenyewe asipokuwa na kiwanda, mkataba wala sheria ya kumlinda, fedha na kumbukumbu huishia mikononi mwa wengine.