Mwanga Ulipopenyea: Kamera Mbovu kwenye Njia ya Misafara

Mkanda uliporudi kutoka kusafishwa, kitu cha kwanza nilichofanya ni kumlaumu fundi. Picha 36 nilizopiga Tabora, karibu zote zilikuwa na mchirizi wa rangi ya chungwa upande wa kushoto, kama moto unaoanza kula karatasi. Tembe la Kwihara, ambamo Livingstone na Stanley walikaa mwaka 1872, lilikuwa na moto. Miembe mikubwa ambayo watu wa Tabora wanaihusisha na misafara ya zamani, nayo moto. Na picha moja niliyokuwa nimemwahidi mtu, ndiyo iliungua kuliko zote.

Mtu mwenyewe ni Bibi Mdogo, mdogo wake bibi yangu mzaa mama, anayeishi Isevya. Babu yake alikuwa mpagazi. Alibeba mizigo kati ya Tabora na pwani kabla reli haijafika mji huo mwaka 1912. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikaribia frasila mbili, yaani kilo 30 hivi, na safari ya kwenda Bagamoyo ilikula miezi. Nilipomuuliza kama ipo picha ya huyo babu, alicheka. "Picha? Nani angempiga picha mtu aliyebeba mzigo?" Ndipo nikamwambia, basi wewe nitakupiga, tena kwa kamera ya zamani, nikuletee uitundike ukutani.

Sasa nilikuwa na uso uliokatwa na mchirizi. Nikamwandikia fundi wa kule nilikopeleka mkanda ujumbe mrefu wenye maneno makali. Bahati nzuri sikuutuma. Rafiki yangu mmoja anayepiga picha za harusi aliniuliza swali moja tu: "Umeziangalia negativu zenyewe, au umeona picha tu?"

Nilikuwa nimeona picha tu. Nikazichukua negativu nikaziinua dirishani. Mchirizi haukuishia kwenye mpaka wa picha. Ulivuka ukaenda mpaka pembeni, kwenye vile vitundu vinavyovuta mkanda. Hapo kesi ikabadilika. Mwanga unaoingia kupitia lenzi, au kwenye tundu la pazia la kamera, mara nyingi huishia ndani ya fremu, kwa sababu dirisha la fremu linauzuia usisambae. Ukifika kwenye vitundu, umeingia kwa njia nyingine, na mara nyingi njia hiyo ni mlango wa nyuma. Rangi nayo ilikuwa shahidi. Katika mkanda wa rangi, mwanga unaotoka nyuma hupita kwanza kwenye plastiki ya mkanda, kisha hukutana na tabaka linalohisi wekundu kabla ya mengine. Ndiyo maana doa lake huwa jekundu au la chungwa.

Likabaki swali la upande. Lenzi hupindua kila kitu: juu huwa chini, kushoto huwa kulia. Kwa hiyo doa la kushoto kwenye picha limeingilia kulia kwa kamera, ukiwa umeishika mbele ya uso wako. Kwenye kamera yangu, ya Kijapani ya miaka ya 1970, kulia ndiko kwenye bawaba za mlango. Nikafungua. Sponji nyeusi iliyokuwa izibe ule mwanya ilikuwa imeoza ikawa kama lami, ilininata vidoleni. Sponji za kamera za umri huo huwa hivyo. Fundi niliyetaka kumtukana hakuwa na kosa lolote.

Nilipokuwa nakwangua ule uchafu kwa njiti na spiriti, nikamkumbuka James Augustus Grant. Mwaka 1860 yeye na John Hanning Speke walitoka Zanzibar kwenda kutafuta chanzo cha Nile, kwa kupitia Kazeh, ambayo ndiyo Tabora ya leo. Grant alikuwa na kamera. Picha alizopiga Zanzibar ni miongoni mwa za mwanzo kabisa zinazojulikana za kisiwa hicho. Lakini njiani kamera ikarudishwa pwani. Speke anaeleza sababu katika kitabu chake cha mwaka 1863: joto la ndani ya kile kihema alichotumia Grant kuandalia vioo vyake lingemuua.

Kihema kile ni kamera nyingine, kubwa zaidi. Kwa njia iliyotumika sana wakati ule, kioo kilipakwa dawa, kikapigwa picha na kusafishwa kabla hakijakauka, na kazi ya dawa ilihitaji giza. Palipopita mwanga, picha iliharibika. Ukiziba kila mwanya usiingie mwanga, hewa nayo haiingii. Mpiga picha wa siku hizo, kwenye jua la bara, alichagua kati ya picha safi na pumzi yake.

Grant akaendelea na penseli na rangi za maji. Walipofika Kazeh mwezi Januari 1861, hapakuwa na kamera. Michoro yake ina thamani kubwa, na leo imehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Scotland. Ila mchoro hupitia mkono wa mchoraji, na ulipokwenda kitabuni ulipitia mkono wa mwingine tena. Wapagazi waliobeba msafara ule wamebaki kama mistari mgongoni mwa mizigo. Kamera peke yake isingewapa majina, hilo najua. Stanley na Livingstone tunazo picha zao, na bado wapo waliojiuliza walikuwa watu gani. Lakini Bibi Mdogo angalau angekuwa na pa kuanzia kutafuta pua ya babu yake.

Nikabandika uzi mweusi wa sufu mahali pa sponji. Kabla ya hapo niliijaribu kamera kwa mkanda wa bei nafuu: picha tano nimeziba upande wa bawaba kwa tepu nyeusi, tano bila tepu. Zile za tepu zilitoka safi. Ushahidi ukakamilika.

Lakini jambo moja lilikuwa bado linanisumbua. Kwa nini mchirizi wa Bibi Mdogo ulikuwa mkubwa kuliko yote? Jibu lipo kwenye saa. Kadiri mkanda unavyokaa muda mrefu juani bila kupigwa, ndivyo mwanya unavyouunguza. Kwenye miembe nilipiga haraka haraka, madoa yakawa membamba. Kwa Bibi nilisogeza mkanda tayari, nikaiweka kamera mkekani uani, tukanywa chai, akanisimulia habari za babu yake kwa saa nzima. Jua lilikuwa linaingia muda wote huo.

Nilimpigia simu kumweleza, nikamwahidi kwamba nitarudi kumpiga upya.

"Uso wangu unaonekana?" akauliza.

"Nusu, Bibi."

"Basi niletee hiyo hiyo, mjukuu wangu. Na hiyo nyingine ukija."