Mapafu ya Mtoto Tumboni: Yanavyoumbwa na Yanayomhusu Mama



Kila sifa njema ni ya Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, aali zake na Sahaba zake.

Ndugu Waislamu, Surat al-Mu'minun, aya ya 12 hadi 14, imetaja kuumbwa kwa binadamu hatua baada ya hatua. Hapa tunaeleza kiungo kimoja tu, mapafu, kwa kuwa familia nyingi huanza kumwangalia mja mzito pale tumbo linapoonekana. Mapafu hayasubiri hivyo.

Mwanzo wake

Katika wiki ya 3 tangu mimba kutunga, kiumbe kina matabaka matatu. Tabaka la ndani hujikunja likawa mrija, nao ndio utumbo wa mwanzo. Wiki ya 4, sehemu ya mbele ya mrija huo huchomoza kichipukizi. Kwa hesabu ya kliniki, inayoanzia hedhi ya mwisho, hiyo ni wiki ya 6, na wapo wanawake ambao bado hawajajua kuwa wana mimba. Kichipukizi hugawanyika kulia na kushoto, kisha kila tawi hutoa matawi mengine, mfano wa mkarafuu.

Seli zinavyotofautiana

Seli zote hubeba maelekezo yale yale. Tofauti ni yapi yamefunguliwa na yapi yamefungwa, na hilo hutegemea ishara zinazotoka kwa seli jirani. Seli zitakazokuwa mapafu hutambulikana mapema kwa kufunguka kinasaba kiitwacho NKX2-1.

Tabaka la ndani hutoa utando wa njia za hewa, wenye seli za makamasi na seli za vinyweleo vinavyosukuma uchafu nje. Tabaka la kati hutoa gegedu, misuli na mishipa ya damu. Kwenye ncha za matawi hutokea seli za aina mbili. Za kwanza ni bapa na nyembamba mno, na hewa hupita humo kuingia kwenye damu. Za pili hutengeneza mafuta maalumu yanayozuia vifuko vya hewa visinywee mtoto anapotoa pumzi. Mafuta hayo huanza takriban wiki ya 24 kwa hesabu ya kliniki, na kwa kawaida hutosha karibu na wiki ya 35. Ndiyo maana mtoto njiti hupata taabu ya kupumua.

Funzo kutoka Handeni na Korogwe

Ng'ambo yetu, mkoani Tanga, baina ya 2014 na 2016 watafiti walifuatilia wanawake wa Korogwe na Handeni tangu kabla ya kushika mimba, wakiangalia upungufu wa damu na ukuaji wa mtoto tumboni. Haukuwa utafiti wa mapafu, lakini utaratibu wake una funzo: ukisubiri mama aje kliniki, wiki za mwanzo zimeshapita. Basi damu ipimwe na malaria izuiliwe mapema, na mja mzito aepushwe na moshi wa kuni na wa sigara.

Hukumu na nasaha

Mja mzito akichelea nafsi yake au mtoto, anaruhusiwa kufungua saumu ya Ramadhani, kisha atalipa. Kwa madhehebu ya Shafii, akichelea mtoto peke yake, hulipa na pia hutoa kibaba cha chakula kwa kila siku.

Uchungu ukianza kabla ya wakati, msimweke nyumbani. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa 2020, ambao Kenya ilishiriki, ulionesha kuwa sindano ya deksamethasoni, ikitolewa hospitali yenye uwezo wa kuwahudumia njiti, hupunguza vifo vya watoto hao, kwani huharakisha kukomaa kwa mapafu. Kuikubali ni katika kujitibu, na kujitibu kumehimizwa. Daktari ndiye anayeamua nani apewe na lini. Mume na wazee wasicheleweshe ruhusa.

Wallahu a'lam.