Unaogopa Kupanda Ndege? Shika Hii Rada Kabla Hujafika JKIA

Kama umekulia Utawala, Embakasi ama Pipeline, ndege si kitu kigeni kwako. Unaanika nguo juu ya gorofa, moja inapita, story inasimama kidogo, halafu mnaendelea. JKIA iko hapo Embakasi tangu 1958, kabla mitaa mingi ya huku haijajengwa. Lakini kuishi chini ya ndege na kukaa ndani yake ni vitu viwili tofauti. Siku unapata tiketi ya kwanza, iwe ni ya Mombasa kwa harusi ya cuzo ama ya Doha kwa kazi, ndio unajua kama roho iko sawa.

Na kama haiko sawa, huwezi ambia mtu. Mathe ashatangazia kanisa yote. Mabeshte washaanza kukuita mtu wa majuu. Watu wamechanga. Sasa utaanza aje kusema unaogopa ndege?

Tulia. Hauko peke yako, na si lazima uoga uishe ndio usafiri. Soma hii yote, weka kwa simu, utaihitaji siku hiyo.

1. Kwanza jua ni nini hasa unaogopa

"Naogopa ndege" ni jina moja la vitu vingi. Kuna msee anaogopa kuanguka. Mwingine anaogopa urefu, hata juu ya KICC hawezi simama kwa ukingo. Mwingine shida yake ni kufungiwa: mlango ukifungwa hakuna kugonga ati "shukisha". Mwingine anaogopa aibu, ati ataanza kutetemeka mbele ya watu.

Halafu kuna uoga mwingine umevaa jezi ya ndege lakini si wa ndege. Huu ni wa wale wanaenda kazi Gulf. Tiketi ni ya kwenda tu, mkataba ni wa miaka miwili, na hujui nani anakungoja upande ule. Huo uoga hautaisha kwa kuvuta pumzi, ju unakuuliza maswali ya maana. Ujibu kwa vitendo: hakikisha ajenti wako amesajiliwa na National Employment Authority, soma mkataba mpaka mwisho, acha kopi ya pasipoti na mkataba nyumbani, na ujue namba ya ubalozi wa Kenya nchi unaenda. Ukishamaliza hayo, kinachobaki ndicho uoga wa ndege wenyewe. Na huo unawezekana.

2. Mwili wako unafanya nini

Unakumbuka ile siku nduthi nusura ikugonge Jogoo Road? Moyo ulienda mbio, mikono ikalowa jasho, tumbo ikakaza. Hiyo ni king'ora ya mwili. Inakutayarisha ukimbie ama upigane.

Kwa ndege king'ora inalia lakini hakuna mahali pa kukimbia na hakuna wa kupigana naye. Kwa hivyo unabaki umekaa na moyo unapiga ngoma. Unaanza kuogopa hata huo moyo, ukidhani unakufa. Hufi. Wimbi la hofu hupanda, hufika kilele, mara nyingi ndani ya kama dakika 10, halafu hushuka. Mwili hauwezi kushikilia kilele masaa yote. Kazi yako ni kungoja lipite.

3. Ukweli kuhusu ajali

Hatutakudanganya ati ndege hazianguki. Kenya tumezika watu. Januari 30, 2000, ndege ya Kenya Airways ilianguka baharini Abidjan, watu 169 wakafa, 10 wakapona. Mei 5, 2007, nyingine ikaanguka Douala, wote 114 wakafa. Machi 10, 2019, ndege ya Ethiopian iliyokuwa inakuja Nairobi ilianguka dakika chache baada ya kuruka Addis Ababa. Watu 157 walikufa, 32 kati yao Wakenya. Kama uoga wako ulianzia siku hiyo ukiangalia habari, una sababu.

Lakini angalia kinachofuata ajali. Baada ya ile ya 2019, Boeing 737 MAX zilifungiwa dunia nzima mpaka programu yake ikarekebishwa. Hata hapa kwetu kuna mfano. Novemba 20, 1974, Boeing 747 ya Lufthansa ilianguka hapo hapo Embakasi ikiruka kwenda Johannesburg. Watu 59 walikufa, 98 wakapona. Shida ilikuwa sehemu za mbele za mabawa hazikuwa zimefunguka, na marubani hawakupata onyo. Baada ya hapo mfumo wa onyo kwa 747 ukaboreshwa. Ajali moja hubadilisha ndege zote za aina hiyo.

Sasa linganisha na barabara. Mwaka wa 2023 pekee, watu zaidi ya 4,000 walikufa kwa barabara za Kenya. Na wewe juzi ulining'inia kwa mlango wa nganya Outering, dere akishika simu, na hukuomba hata sala moja. Akili huogopa kile haijazoea, si kile kina hatari zaidi.

4. Sauti na mambo yatakayokushtua

Uoga wa mara ya kwanza mwingi ni wa kutojua. Hizi hapa:

- *Ndege inakimbia chini kwa muda mrefu kabla ya kuinuka.* Nairobi iko juu sana, JKIA ni karibu mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, kwa hivyo ndege inahitaji mwendo mrefu. Ndio maana barabara yake ya kurukia inapita kilomita 4.
- *Kishindo chini ya miguu baada ya kuruka.* Magurudumu yanaingia ndani. Wakati wa kushuka utasikia tena yakitoka.
- *Injini inapunguza sauti ghafla na unahisi kama mnashuka.* Kuruka kunahitaji nguvu nyingi, ikishainuka rubani anapunguza. Bado mnapanda.
- *Kengele ndogo, "ting".* Wahudumu wanaitana ama taa ya mkanda imebadilika.
- *Bawa linapinda.* Limetengenezwa lipinde. Lile likikataa kupinda ndilo lingevunjika.
- *Masikio yanaziba.* Tafuna big G, meza mate, piga miayo.
- *Mngurumo mkubwa mkigusa chini.* Injini zinasaidia kufunga breki.

5. Ile kutikisika

Hapa ndipo wengi hupasuka. Mtikisiko wa hewa ni kama mat ikitoka lami ikaingia murram: unarushwa huku na kule, chai inamwagika, lakini gari haijaharibika. Mabawa hujaribiwa kwa nguvu inayozidi mara moja na nusu ile kubwa zaidi inayotarajiwa safarini.

Wengi wanaoumia kwa mtikisiko ni wale hawajafunga mkanda. Kwa hivyo funga, hata taa ikizimwa. Ukipata nafasi ya kuchagua kiti, kaa karibu na mabawa, hapo hutikisika kidogo kuliko nyuma. Na kama tarehe ni yako kupanga, chukua ndege ya asubuhi. Jua la mchana hupasha ardhi, hewa ya moto hupanda, na ndio safari ya alasiri huwa na mashimo mengi.

6. Wiki moja kabla

Zoesha akili pole pole. Siku ya kwanza, kaa mahali Utawala uangalie ndege tano zikipita, moja moja, mpaka uchoke. Siku nyingine, tazama video ya mtu amekaa dirishani kutoka kuruka mpaka kutua, sauti ikiwa juu. Halafu, kama una nauli, msindikize mtu airport uone vile mambo hupangwa. Kila hatua irudie mpaka ikuboe kabla ya kuenda ingine. Uoga ukiboeka, umepungua.

Jioni, fanya mazoezi ya pumzi: vuta kwa hesabu ya 4, toa pole pole kwa hesabu ya 6. Dakika tano. Ukijifunza ukiwa kwa keja, mwili utakumbuka ukiwa juu.

7. Siku yenyewe

- Toka mapema. Safari ya nje fika masaa matatu kabla, ya ndani masaa mawili. Jam ya Outering isikuongezee presha.
- Achana na muguka, miraa, kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu. Vinapandisha mapigo ya moyo, na akili itadhani ni hofu.
- Pombe pia, hapana. Wanaweza kukukatalia kupanda, na nauli imeenda.
- Usimeze dawa ya usingizi ya beshte. Kama unahitaji dawa, iandikwe na daktari.
- Kula kitu chepesi. Tumbo tupu hutetemeka yenyewe.
- Ukiingia, ambia mhudumu kwa sauti ya chini: "Ni mara yangu ya kwanza, naogopa." Si aibu. Wanakutana na watu kama wewe kila mara, na atakuwa anakupitia.

8. Wimbi likikupata ukiwa juu

Usipigane nalo. Weka miguu flati chini, legeza mabega, toa pumzi ndefu kuliko unayovuta. Halafu taja kwa kichwa vitu vitano unaona, vinne unagusa, vitatu unasikia, viwili unanusa, kimoja unaonja. Angalia saa. Ambia mwili, "Sawa, nimekuskia, nakupea dakika kumi." Halafu weka mziki.

9. Ikizidi

Kama umeshawahi kuacha tiketi ipotee, ama unakosa usingizi wiki nzima, hiyo ni ya kupeleka kwa mtaalamu. Inatibika kwa mazungumzo na kuzoeshwa hatua kwa hatua. Hospitali ya Mathari, hapo Thika Road, ina kliniki ya wanaotibiwa na kurudi nyumbani. Kuenda Mathari haimaanishi umechizi.

Na kama bado unaona haya, ulizia shabiki yeyote wa Arsenal kuhusu Dennis Bergkamp. Alijiunga na timu 1995 na alikataa kabisa kupanda ndege. Mechi za mbali za Ulaya alikuwa anasafiri kwa barabara ama treni, na zingine akazikosa. Sanamu yake iko nje ya Emirates tangu 2014, na cha kuchekesha, imemwonyesha akiwa hewani. Hakuna anayemwita mwoga. Lakini pia yeye alikuwa Bergkamp, klabu ilimngoja. Kazi ya Doha haitakungoja, na huko hakuna treni.

Mombasa kuna SGR, hiyo ni sawa, hakuna mtu atakulaumu. Lakini kama tiketi yako inavuka bahari, enda ukiogopa. Panda ukitetemeka, funga mkanda ukitetemeka, hesabu pumzi zako. Ndege haiangalii kama wewe ni jasiri. Itakufikisha tu.

Halafu mkiruka, chungulia dirishani. Kama wameelekea upande wa Utawala, huenda ukaona mabati na nguo zimeanikwa, na mtu amesimama juu ya gorofa akingoja kelele ipite ndio aendelee na story.