Ua wa Miti Katika Nchi ya Baridi

Sisi tuzungushiao nyumba zetu minyaa twajua ya kuwa tawi likichomekwa huota. Sivyo katika nyanda za Saskatchewan, nchini Kanada, ambako baridi huweza kushuka hata digrii 40 chini ya sifuri, na upepo hauna kizuizi. Wahamiaji waliofika huko walihitaji ua wa kuwasitiri, wala si kila mche wa kwao uliweza kuishi. Basi mwaka 1901 Serikali ilianzisha kitalu huko Indian Head, ikawagawia wakulima miche bure. Uliopandwa sana ni karagana, kichaka chenye maua ya manjano, ambacho asili yake ni Siberia. Haukushindwa na baridi wala ukavu, maana ulivizoea tangu kwao. Serikali iliacha ugawaji huo mwaka 2013, lakini nyua nyingi zingali zimesimama. Nasi tuchaguapo mche, tusitazame uzuri tu. Tuulize kwanza umetoka nchi gani.