Mirambo alivyoharibikiwa kwetu Mpimbwe

Bumu tunalisubiri kama mvua, kwa hiyo jioni watu tunashinda chumbani. Rumu-meti wangu ana gemu moja la vita vya zama za kati, ngome na wapanda farasi. Juzi nilimkuta anaitukana kompyuta. Kashateka nusu ya ramani, lakini sasa kila akituma zawadi wafalme wanazirudisha, na rafiki yake wa tangu mwanzo kamvuta kwenye vita isiyomhusu, wote wamemgeuka. Nikamwambia, bwana wewe sasa ni Mirambo kabisa. Akacheka. Mimi sikucheka sana, maana kwetu ni Mpimbwe.

Mirambo wa kwenye desa tunamjua wote. Mtemi wa Kinyamwezi, akajifunza vita vya Wangoni, akakusanya rugaruga, na mwaka 1871 akagombana na Waarabu wa Tabora juu ya njia ya misafara na ushuru wake. Stanley alikuwa anapita kumtafuta Livingstone, akajitia kupigana upande wa Waarabu. Wakachapwa, na Tabora ikachomwa moto sehemu. Njia ya Ujiji ikafungwa, ikabidi Stanley azunguke kusini kupitia Ukonongo, yaani huku huku kwetu, Katavi ya leo. Ukiandika hayo kwenye mtihani unapata maksi zako, unaenda zako kula.

Ila utamu wenyewe unakuja baadaye. Mirambo alijua baruti inatoka pwani, na kwamba nyuma ya Waarabu wa Tabora yupo mkubwa wao, Sultani Barghash wa Zanzibar. Basi naye akatafuta mkubwa wake. Aprili 1876 akachanjiana damu na Stanley, yule yule aliyempiga risasi miaka 5 nyuma! Mwaka 1879 akampokea Urambo mmisionari wa Kiingereza, Dk. Southon. Kule Zanzibar John Kirk, balozi mdogo wa Uingereza, akaanza kumwona kuwa ni mtu wa kuelewana naye. Hapo jamaa alikuwa anacheza vizuri jamani.

Halafu ikaja Juni 1880. Mirambo na mshirika wake Simba, mtemi wa jirani, wakaivamia Mpimbwe kwa mtemi Kasogera. Ndani ya boma walikuwemo raia wawili wa Uingereza, Carter na Cadenhead, waliokuwa kwenye mradi wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Wabelgiji walikuwa wamejenga kituo Karema, ziwani, na Carter ndiye aliyejaribu kufika huko na tembo wa India ili wabebe mizigo badala ya wapagazi. Tembo 4 walishushwa Msasani mwaka 1879, Karema akafika 1 tu. (Unaleta tembo Katavi kutoka India! Ni sawa na kupeleka chumvi Uvinza.) Wote wawili wakauawa kwenye ule uvamizi.

Mirambo alijitetea kwamba hakujua kama wamo. Mimi namwamini, alikuwa na faida gani kuwaua? Lakini Kirk hakutaka kusikia, na urafiki alioujenga kwa miaka ukafia pale.

Watu husema ni bahati mbaya. Mimi sioni hivyo. Rugaruga hawana mshahara, wanakula nyara. Vita ikisimama, njaa inaanza, na wenye njaa wana bunduki. Kwa hiyo ilikuwa lazima apige tena, na tena, na katika boma linaloungua hujui nani yumo. Mtazame mwenzake wa Ukimbu, Nyungu ya Mawe, naye mtu wa rugaruga vile vile na mkali kupindukia. Yeye aliweka watwale wake mwenyewe kila upande, wakusanye pembe za ndovu na kumtumia. Mirambo aliwaachia watemi viti vyao ili mradi walipe. Wote wawili walikufa mwezi mmoja, Desemba 1884. Nyungu alirithiwa na binti yake Mgalula na nchi ikasimama hadi Wajerumani walipokuja. Mirambo alirithiwa na ndugu yake Mpandashalo, na watemi wakaanza kuchomoka mmoja mmoja.

Sasa kilichoniuma. Nilipokuwa mazoezi ya kufundisha huko nyumbani, nilifundisha Mirambo kama nilivyofundishwa. Nikaandika ubaoni "shujaa", nikapiga mstari chini. Binti mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, sisi wa hapa alikuwa wetu au adui yetu?" Nikamjibu kwamba alikuwa kiongozi wa Kiafrika. Darasa zima likaandika! Na mimi Mpimbwe mwenzao nikawaangalia wakiandika.

Tangu siku hiyo nimesoma nilivyoweza. Carter na Cadenhead wamo kwenye kila kitabu, mpaka njia walizopita. Wapimbwe waliokufa asubuhi ile ile, boma lile lile, sijakuta jina hata moja. Kasogera mwenyewe anatajwa kwa kuwa wageni walifia kwake.

Likizo nikirudi, treni itapita Urambo kwanza ndipo ikate kona Kaliua kuja Mpanda. Nataka nimtafute yule binti. Neno "shujaa" sijalifuta kwenye andalio langu, ila nimeandika pembeni Kasogera, Juni 1880.

Rumu-meti kaomba amani tena sasa hivi. Wamekataa.