Ushirika wa wahamiaji New York: fedha za jiji huenda wapi?

Tukitaja ushirika katika vipindi vyetu, wengi wenu huwaza AMCOS ya kahawa au korosho, ambako wakulima huuza mazao kwa pamoja. Ushirika wa wafanyakazi ni tofauti. Wenye kampuni ni wale wale wanaofanya kazi humo, kila mwanachama ana kura moja, na faida wanagawana.

Mjini New York, Marekani, wahamiaji wengi wamejiunga na vyama vya namna hii. Mwaka 2006, katika mtaa wa Sunset Park, Brooklyn, wanawake wa asili ya Amerika ya Kilatini walianzisha Si Se Puede, ushirika wa usafi wa majumba, wakisaidiwa na kituo cha jamii cha Center for Family Life. Hakuna wakala wa kumega ujira wao. Wanachama huchangia ada ya kuendesha chama, basi.

Mwaka 2014 Baraza la Jiji lilitenga dola milioni 1.2 kuendeleza vyama hivi, na mwaka uliofuata zaidi ya milioni 2. Fedha hizo si mtaji wa kugawiwa wanachama. Hulipwa mashirika yasiyo ya kibiashara yanayofundisha hesabu, kusaidia kuandika katiba na kutoa ushauri wa kisheria.

Kwa maoni yetu, hapo kwenye sheria ndipo penye uzito. Tangu 1986, sheria ya shirikisho inamkataza mwajiri kumwajiri kwa makusudi mtu asiye na kibali cha kazi. Mmiliki halisi wa biashara, hata hivyo, hahesabiwi kuwa mwajiriwa, na anaweza kulipa kodi kwa namba maalumu ambayo mamlaka ya mapato huwapa hata wasio na kibali. Lakini awe mmiliki kweli: apige kura, apate mgawo wa faida, asiwe na bosi. Ushirika wa jina tu haumkingi mtu, ndiyo maana katiba iliyoandikwa ovyo inaweza kumponza mwanachama.

Tatizo ni kwamba fungu hili huombwa upya kila mwaka, kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai 1. Kikundi kilichoanza mafunzo Februari hakina hakika kama Agosti mwalimu wake atakuwa bado analipwa.